Pasaka Iliyoliwa Chumbani

Jumamosi moja mwishoni mwa mwaka 2023 mtoto wa kipaimara aliniuliza swali, nami sikumjibu vizuri. Darasa letu hukutana asubuhi katika chumba kilicho nyuma ya kanisa. Madirisha yake yanatazama barabara, na kwa kuwa hii ni Kariakoo, tunajifunza Amri Kumi huku nje wasukuma mikokoteni wanaomba njia na machinga wanatangaza bei ya soksi kwa kipaza sauti. Siku ile tulikuwa tumefika Kutoka sura ya 12. Mtoto mmoja wa miaka 14 akanyoosha mkono: "Mchungaji, hawa Waisraeli tunaowasoma ndio wale wa kwenye taarifa ya habari?"

Kabla sijafungua kinywa, mwenzake akamjibu. "Ndio haohao. Na rafiki yangu pale nyumbani hataki tena tucheze wote, eti sisi wa kanisani tuko upande wao."

Mtakumbuka miezi ile. Vijana wetu wawili waliokuwa wamekwenda Israeli kujifunza kilimo walipoteza maisha katika shambulio la tarehe 7 Oktoba, na baada ya hapo kila jioni televisheni zilionyesha watoto wa Gaza wakitolewa chini ya vifusi. Hapa mjini kati daladala moja ilipita na kibandiko cha bendera ya Israeli kwenye kioo, bodaboda iliyoifuata ilikuwa imefunga kitambaa cha Palestina. Nyumba nyingi za Kariakoo zina wapangaji wa dini zote, bomba moja, ua mmoja, na alfajiri adhana ya Msikiti wa Mtoro inatuamsha sisi sote, Waislamu na Walutheri. Wazazi walikuwa wakibishana vibarazani, na watoto walikuwa wakisikia.

Nilisema neno juu ya kuwaombea wote, tukaimba, tukafunga. Nilirudi nyumbani nikiwa na aibu kidogo. Nimefundisha kitabu cha Kutoka kwa miaka mingi, na kwa watoto wangu Wayahudi walikuwa wa aina mbili tu: wa kwenye picha za Biblia, wenye kanzu na kondoo, na wa kwenye televisheni, wenye vifaru. Nilitaka kuwapa Wayahudi wengine, wanaokula ndizi na kulima kahawa, wanaolea watoto si mbali na kwetu. Chuoni nilikuwa nimewahi kuwasoma kwa haraka, aya moja au mbili katika somo la historia ya kanisa la Afrika Mashariki, chini ya kichwa cha makundi yaliyojitenga. Safari hii niliwasoma taratibu, nikagundua kwamba historia yao imepita katikati ya vita vyetu wenyewe.

Semei Kakungulu alikuwa Muganda, mpiganaji hodari na kiongozi wa watu. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 aliwatwalia Waingereza maeneo ya mashariki ya Uganda, akitumaini kwamba watamfanya mfalme wa huko. Hawakumfanya. Walimtumia, kisha wakampunguzia madaraka hatua kwa hatua, naye akabaki Mbale, chini ya Mlima Elgon, akiwa na Biblia yake na uchungu wake. Alikuwa amebatizwa Mprotestanti. Karibu mwaka 1913 alijiunga na Wamalaki, kundi la Wakristo wa Uganda walioshika Sabato na kukataa dawa za hospitali. Lakini hakuacha kusoma, hasa vitabu vitano vya Musa. Biblia nzima ya Kiganda ilikuwa imechapwa tangu 1896, kazi ya wamisionari wa Kianglikana, na mimi nacheka kidogo ninapofikiri kwamba waliompa kitabu ndio waliokuja kusikitika kwamba amekisoma. Alipofika kwenye agizo la tohara hakuona mahali lilipofutwa. Wenzake wakamwambia kwamba akitahiriwa atakuwa Myahudi. Akajibu kwamba kama ni hivyo, basi yeye ni Myahudi. Mwaka 1919, akiwa mtu mzima wa miaka karibu 50, alitahiriwa yeye na wanawe.

Wafuasi wake waliitwa Abayudaya, ambalo kwa Kiganda ni Wayahudi tu. Mwaka 1922 alitoa kitabu cha maagizo na sala cha kurasa 90 hivi. Miaka ileile Myahudi mmoja mgeni, anayekumbukwa kwa jina la Yosef, alikaa nao miezi kadhaa akawafundisha kalenda, sikukuu na namna ya kuchinja. Baada yake waliacha ubatizo na sala za Kikristo. Kakungulu alifariki tarehe 24 Novemba 1928, na tangu hapo hakukuwa na jemadari wa kuwakinga. Walibaki wakulima wa vijijini kandokando ya Mbale, na masinagogi yao ya udongo.

Hapa lazima niseme jambo ambalo darasani nililisema kabla sijamtaja Idi Amin, na nililisema mapema kwa makusudi. Shule na hospitali za maeneo yale zilikuwa mikononi mwa misheni, za Kianglikana na za Kikatoliki, na mlango wa shule mara nyingi ulikuwa ubatizo. Mzazi wa Kiyahudi aliyetaka mwanawe ajue kuandika alikuwa na njia mbili. Ampeleke, na mtoto arudi likizo akiwa na jina jipya na aibu juu ya sala za nyumbani. Au amzuie, akue bila kalamu. Wengi walipotea hivyo, si kwa mapanga wala kwa bunduki, bali kwa orodha ya majina ya darasa la kwanza. Nusu karne kabla ya Amin, watu waliowabana watoto hao walikuwa Wakristo wenye nia njema. Nilipolisema hili mtoto mmoja alishtuka, akauliza kama kweli wamisionari walifanya hivyo. Nikamwambia ndiyo, na shule hizohizo ndizo zilizowatoa madaktari na walimu wa Uganda. Yote mawili ni kweli, na sikujaribu kumpunguzia lolote.

Amin alitwaa nchi tarehe 25 Januari 1971. Mwanzoni alikuwa rafiki wa Israeli. Mwaka 1972 aligeuka, akawafukuza Waisraeli wote, na dini ya Kiyahudi ikapigwa marufuku. Masinagogi yakafungwa. Familia nyingi za Abayudaya zikaingia Uislamu au Ukristo ili ziishi kwa amani. Waliobaki walikuwa watu 300 hivi, nao wakajiita kwa Kiebrania She'erit Yisrael, Mabaki ya Israeli. Msomaji wa Isaya atalitambua jina hilo.

Kisha ikaja Entebbe. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai 1976 makomando wa Israeli waliwaokoa mateka wa ndege iliyotekwa, Amin akaaibika mbele ya dunia nzima, na bibi mzee Dora Bloch, mateka aliyekuwa amelazwa hospitali ya Mulago, akauawa. Naomba msomaji ajiweke mahali pa baba mmoja wa kijijini Mbale asubuhi ile, akisikiliza redio, na mtoto wake mdogo amekaa mlangoni anaimba wimbo wa Sabato.

Gershom Sizomu alikuwa mtoto mdogo katika miaka hiyo. Leo ni rabi, na amewahi kuwa mbunge. Babu yake, Samson Mugombe, alikuwa kiongozi wa Abayudaya baada ya kizazi cha Kakungulu. Sizomu amesimulia mara nyingi jinsi walivyosali kwa siri, usiku, chumbani. Amesimulia pia kwamba baba yake alikamatwa kwa kosa la kujenga kibanda cha Sikukuu ya Vibanda, ile ya Walawi sura ya 23, na kwamba familia ilimkomboa kwa mbuzi watano.

Sisi wa mjini tutapita haraka juu ya mbuzi hao. Mtu wa kijijini hatapita. Mbuzi watano ni ada, ni mahari, ni akiba ya mwaka wa njaa. Na kibanda chenyewe ni nini? Ni miti michache na majani juu, kitu ambacho mtoto yeyote angejenga akicheza. Sikukuu hiyo iliwekwa ili watoto wajue kwamba babu zao waliishi vibandani jangwani. Maana yake ni kuonekana, kukaa nje, kula chini ya majani na kuona nyota. Baba yule angeweza kusema mwaka huu tutaisoma tu. Alijenga. Nimejiuliza kama nafsini mwangu ningemlaumu kwa kuhatarisha familia, na sijapata jibu la haraka, maana mimi nina watoto watatu.

Ninachokijua kwa kuwa na watoto ni kwamba mtoto wa miaka mitano hana siri. Wa kwangu wa mwisho aliwahi kumweleza mwinjilisti wetu, mbele ya wazee wa kanisa, kwamba baba alimkaripia mama kuhusu chumvi. Sasa mfundishe mtoto wa umri huo kwamba Mungu ni mmoja, kwamba siku ya saba ni takatifu, kwamba yeye ni wa watu wa Ibrahimu. Kisha mfundishe kwamba hayo yote asiyaseme kisimani, asiyaseme shuleni, asimwambie hata rafiki yake wa kwanza. Ukimtia hofu nyingi, atajifunza kwamba imani ni kitu cha kutisha. Ukimtia kidogo, baba anakwenda jela. Kila mzazi katika zile familia 300—samahani, watu 300, familia zilikuwa chache zaidi—alilazimika kupima kipimo hicho kila Ijumaa jua likizama, bila kitabu cha malezi na bila mtu wa kumuuliza.

Hapa Mlutheri hawezi kukaa kimya juu ya Luther. Mwaka 1529 aliandika Katekisimu Ndogo, ile tunayowakaririsha watoto wa kipaimara mpaka leo, na vichwa vyake vinasema wazi kwamba mafundisho haya ni ya mkuu wa nyumba kuwafundisha watu wa nyumba yake. Sio ya mchungaji kwanza, ni ya baba na mama, nyumbani. Abayudaya hawakumsoma Luther, lakini kama angetafuta mtu aliyefanya alichoagiza, angempata katika chumba kile cha Mbale, mlango umefungwa, mzee ananong'ona na watoto wanarudia. Na Luther huyohuyo, mwaka 1543, aliandika kitabu dhidi ya Wayahudi akashauri masinagogi na shule zao zichomwe moto, vitabu vyao vya sala vichukuliwe, na marabi wakatazwe kufundisha. Katika karne ya 20 Wanazi walilitumia jina lake kwa furaha. Nilijifunza kuhusu kitabu hicho nikiwa tayari mtu mzima, na nakumbuka mwanafunzi mmoja aliuliza kwa nini tusiache tu jambo hilo kwa Wajerumani. Mwalimu akamwambia kwamba tulipoipokea katekisimu hatukusema tuwaachie Wajerumani.

Jiji hili limo katika habari hiyo zaidi ya tunavyokumbuka. Mwezi Juni 1977 Shirikisho la Kilutheri Duniani lilifanya Mkutano wake Mkuu wa sita hapa Dar es Salaam, wa kwanza katika Afrika, na Askofu Josiah Kibira wa Bukoba akachaguliwa kuwa rais wake, Mwafrika wa kwanza. Wazee wetu bado wanausimulia. Walisema neno zito juu ya ubaguzi wa rangi Afrika Kusini. Miezi minne kabla yake, tarehe 16 Februari, Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda alikuwa ameuawa na watu wa Amin. Na mwaka uleule Amin alipiga marufuku makundi mengi ya Kikristo, yakiwemo Jeshi la Wokovu na Wapentekoste, ili zibaki dini na madhehebu machache yanayohesabika. Kwa hiyo katika mwaka huo Mpentekoste wa Uganda naye alijifunza kusali chumbani kwa sauti ya chini, na labda ukuta wa pili kulikuwa na Myahudi aliyekwisha zoea.

Kibira alikuwa rais mpaka Mkutano Mkuu wa Budapest wa 1984. Huko ndiko Shirikisho lilikopokea tamko lililoandaliwa na Walutheri na Wayahudi pamoja huko Stockholm mwaka 1983, ambamo Walutheri walikana hadharani maneno ya Luther dhidi ya Wayahudi. Kipindi cha urais wa mtoto wa Bukoba kilianza Dar es Salaam na kuishia kwenye kukana huko. Katikati yake kulikuwa na vita, na vita hivyo vilianzia katika dayosisi yake mwenyewe.

Mwisho wa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivuka mpaka na kulitwaa eneo lote la kaskazini ya mto Kagera. Watu wakakimbilia kusini ya mto na wachache walichobeba kichwani. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alizungumza na wazee wa Dar es Salaam katika ukumbi wa Diamond Jubilee, pale Upanga, mwendo wa miguu kutoka hapa ninapoandika. Sababu tunayo, uwezo tunao, nia tunayo: kila Mtanzania anajua mwisho wa maneno hayo.

Kariakoo wakati huo ilikuwa na soko jipya. Jengo lile lenye paa kama miavuli iliyopinduliwa, linalokusanya maji ya mvua, lilifunguliwa mwaka 1975. Lilichorwa na msanifu wetu Beda Amuli, aliyesomea kazi hiyo Haifa, Israeli, katika miaka ambayo nchi zetu mbili zilikuwa na urafiki. Tulivunja uhusiano mwaka 1973. Jengo lilibaki, na mama ntilie anayeuza chini ya miavuli ile hana habari. Kabla ya soko, jina la mtaa wenyewe lilikuwa la vita: baada ya Waingereza kuutwaa mji mwaka 1916, hapa palikuwa kambi ya wapagazi wao, Carrier Corps, na midomo yetu ikaifanya Kariakoo.

Baba yangu mdogo alikuwa dereva wa lori la kuleta vitunguu na ndizi sokoni. Serikali ilihitaji magari ya kusafirishia askari na chakula, na malori ya watu binafsi yalichukuliwa, mengine pamoja na madereva wao. Yeye alikwenda na lake. Bibi alikuwa akisema kwamba wajukuu wa Kariakoo wamerudishwa kwenye kazi ya Kariakoo. Mimi sikuwa nimezaliwa. Nilichokua nacho ni hadithi za foleni za sukari na sabuni za miaka iliyofuata, na kwa muda mrefu hizo ndizo zilizokuwa Vita vya Kagera kwangu: sababu ya wazazi wangu kuoga kwa majani ya mpapai.

Sasa tazama kalenda ya 1979. Pasaka yetu mwaka huo iliangukia tarehe 15 Aprili. Pasaka ya Wayahudi ilianza jioni ya Jumatano, tarehe 11 Aprili, mwezi ukiwa mpevu kama ulivyo kila Pasaka. Jumatano hiyohiyo, katikati ya Juma Kuu, majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda walikuwa wameitwaa Kampala, na Redio Uganda ikatangaza kwamba utawala wa Amin umekwisha. Sauti ilikuwa ya Luteni Kanali David Oyite-Ojok. Siku ya Ijumaa Kuu Profesa Yusuf Lule akaapishwa kuwa rais.

Abayudaya wanaikumbuka siku hiyo hivyo: Amin alianguka mkesha wa Pasaka. Mwanzoni niliisoma kama watu wanavyoisoma, kwamba Farao ameanguka na milango ikafunguliwa. Halafu nilichukua ramani. Jinja, penye daraja la Nile, ilitwaliwa tarehe 22 Aprili, na ukitoka Kampala Mbale iko mbali zaidi ya Jinja. Maana yake ni kwamba usiku ule wa Pasaka hakuna askari wetu hata mmoja aliyekuwa amekaribia Mbale. Redio ilikuwa imesema Kampala imeanguka. Lakini watu wa Amin wenye silaha walikuwa bado upande wao wa mto, wakirudi nyuma, na askari anayerudi nyuma ndiye wa kuogopwa kuliko wote.

Basi waliila kama Waisraeli walivyoila mara ya kwanza. Sisi wahubiri tunaharakisha mno kufika Bahari ya Shamu. Kutoka sura ya 12 inasema wazi kwamba chakula kile kililiwa Misri, ndani ya nyumba, viatu miguuni, na marufuku kutoka nje mpaka asubuhi. Farao bado alikuwa mfalme walipokuwa wanakula. Na katikati ya maagizo ya damu na hisopo, mstari wa 26, Musa anasimama kuzungumza juu ya watoto: watauliza utumishi huu maana yake nini, na wazazi wawe na jibu. Kwa desturi ya Wayahudi, usiku wa Pasaka anayeuliza ni mtoto mdogo kuliko wote mezani. Abayudaya wenye watoto wa miaka saba au minane usiku ule walikuwa na watoto ambao hawakuwahi hata mara moja kuuliza swali hilo kwa sauti kamili.

Sitaki kuwafanya askari wetu kuwa Musa. Hatukwenda Uganda kwa ajili ya Wayahudi. Tulikwenda kwa sababu tulivamiwa, na wengi wa wale waliobeba bunduki hawakujua kwamba kuna sinagogi Mbale. Vita vilikwisha Juni, Uganda ikapata miaka mingine ya damu, nasi tukapata foleni. Lakini masinagogi yalifunguliwa. Katika miaka ya 1980 vijana waliokulia vyumbani, Sizomu na wenzake wakina Keki wakiwemo, ndio walioifufua jumuiya na kuurudia mlima wa Nabugoye. Mwaka 2002 marabi kutoka Marekani na Israeli walifika wakawapokea mamia kwa utaratibu wa kuongoka, na mwaka 2008 Sizomu alipata urabi wake Los Angeles. Mwaka 2004 Joab Jonadab Keki alianzisha ushirika wa wakulima wa kahawa, Wayahudi, Wakristo na Waislamu wa Mbale pamoja, wakauita Mirembe Kawomera, amani tamu. Wajumbe wake wengi ni watu ambao babu zao waliacha au hawakuacha, waliripoti au hawakuripoti. Sasa wanapima kahawa kwenye mzani mmoja.

Wiki tatu baada ya lile swali nilimleta baba mdogo darasani. Ana miaka zaidi ya 70 na anatembea kwa fimbo. Watoto walimwamkia, "Shikamoo babu," akaketi kwenye kiti changu. Nilikuwa nimekwisha wasimulia habari za Abayudaya, chumba, mbuzi watano na redio. Yule mtoto aliyeachwa na rafiki yake alikuwa amekaa mbele. Rafiki bado alikuwa hachezi naye; mama zao walikuwa wameanza kusalimiana bombani, basi.

Baba mdogo alisema lori lake lilifika Mbale mwezi Mei. Anakumbuka mlima, mvua, na barabara nyekundu. Anakumbuka watoto waliosimama kando ya njia wakipunga mikono, na kwamba aliwatupia biskuti za jeshi mpaka sajenti akamfokea.

"Babu," yule mtoto akauliza, "wewe ulijua kwamba wengine walikuwa Wayahudi?"

"Nitajuaje? Mimi nilikuwa dereva." Alifikiri kidogo. "Walikuwa wanapiga kelele sana, wale watoto. Nakumbuka nilisema, hawa vipi, mbona wanapiga kelele hivi."